Shairi Lililomnyamazisha Garini

Hadithi, hadithi!
Ije, tumeketi!
Ije na uchungu wake?
Ije, tutaumeza!

Hapo kale, katika nchi ya mizabibu, mbali na kwetu, paliondokea malenga wawili, Ozili na Garini. Ozili alikuwa na ulimi, Garini alikuwa na sauti. Mmoja alitunga, mwenziwe akaimba, wakala sahani moja katika majumba ya mabwana.

Ozili alikuwa bingwa wa kejeli. Alimkejeli askofu kwa kitambi chake, watu wakacheka. Alimkejeli bwana mchoyo wa mvinyo, watu wakacheka. Nanyi mwajua, aliyezoea kuchekewa hashibi.

Siku moja, karamuni, Bibi Saurina mwenye ngome akasema amewachoka maaskofu, anataka kejeli mpya. Ozili akatazama huku, akatazama kule. Macho yakamwangukia rafiki yake. Akatunga papo hapo:

Garini akishaimba,
mbuzi huzikata kamba,
husema, "Kaja mjomba,
tumpeleke zizini."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Garini naye akacheka, kidogo. Kulipokucha hakuonekana.

Jamani, maji yakimwagika hayazoleki. Ozili akashikwa na haya, akamfuata. Akafika sokoni, wauza samaki wanaliimba shairi lile. Akawasihi waache, wakacheka. Akafika kwa watawa, wanaliimba. Akawasihi, wakacheka. Akafika kisimani, wanawake wanaliimba huku wakiteka maji. Hapo akatunga shairi la kumsifu Garini, tamu kuliko yote aliyowahi kutunga. Wakalisikiliza kwa adabu, wakajitwika mitungi, wakaenda zao wakiimba la mbuzi. Kejeli ina mbawa, wenzangu, sifa huchechemea.

Mwishowe alimkuta milimani, akichunga kondoo wa watu.

"Ndugu yangu, nisamehe," akasema Ozili.

"Nilikwisha kukusamehe."

"Basi turudi tukaimbe."

Garini akatikisa kichwa. "Kila nikifungua kinywa nawasikia mbuzi. Ungetunga vibaya, ningelisahau. Ulitunga vizuri mno, Ozili."

Ozili akaketi juu ya jiwe, akabaki akimtazama mwenziwe.

Jua likashuka. Wachungaji wa milima ile huwaita kondoo wao kwa wimbo, na bonde zima lilikuwa likiimba. Garini akasimama. Akawaita kondoo wake kwa kupiga makofi.

Hadithi yangu imekomea hapo. Iliyowachekesha, nirudishieni, iliyowauma, nendeni nayo nyumbani.