Maziwa Hayangoji

Nguo hungoja, maziwa hayangoji.

Mmemsikia mama yenu mkubwa akimtupia ndugu yenu Elirehema maneno hayo pale alipotuonyesha kwenye simu kigari cha mtoto alichokipata kwa nusu ya bei, na mkewe bado mwezi mzima ajifungue. Nyinyi mmecheka, kisha mmenigeukia mimi mkiuliza msemo huu umetoka wapi, maana shuleni hamkuukuta. Hamtaukuta. Ulizaliwa katika familia hii, majirani wakauazima na hawajaurudisha. Chimbuko lake nalijua vizuri kwa sababu mjinga wa siku hizo nilikuwa mimi, na ni heri niseme mwenyewe kabla mama yenu mkubwa hajanisaidia kusema.

Nilikuwa fundi baiskeli mjini Moshi, kijana mwenye ndoa changa na kichwa kilichojaa bei. Sokoni waliniita Shuka Kidogo, kwa kuwa hayo ndiyo maneno niliyoyatanguliza hata kabla ya salamu. Ukitaja kitunguu, mimi nakwambia nani anauza kwa nafuu, siku gani, na saa ngapi anaanza kuchoka ili umpate vizuri. Niliweza kuvuka mji mzima kwa miguu kufuata maharage yaliyopungua bei kwa senti chache, nikarudi nyumbani nina maharage mkononi na kandambili iliyokatika. Kandambili sikuihesabu. Mtafuta bei huhesabu alichookoa tu.

Basi mama yenu mkubwa, Aikande, akajifungua mtoto wetu wa kwanza, dada yenu Mkunde, huyu ambaye leo akipita mlangoni lazima ainame. Kwetu Uchagani, kama mjuavyo, mzazi hukaa ndani miezi mitatu. Hachoti maji, hakati majani ya ng'ombe. Kazi yake ni kula, kunyonyesha na kulala. Mama yangu alishuka kutoka mlimani na mwiko wake kuja kumlea, na kila wiki alinipa orodha: ndizi mshare za kupikia mtori, ule uji mzito wa ndizi na nyama anaonyweshwa mzazi, nyama na mifupa ya supu, maziwa, samli. Miezi mitatu ikiisha, mzazi huvaa vizuri akaenda sokoni na mtoto wake. Wanawake humzunguka, wakamtazama mashavu, wakamtazama shingo, wakamfunua mtoto. Hawaulizi mume ni mtu wa namna gani. Wanamsoma palepale.

Nami nilijiandaa. Mwaka mzima niliweka fedha kwenye kopo la majani ya chai kwa ajili ya miezi hiyo mitatu. Hapo nijisifu kidogo, maana mbele hakuna sifa.

Mkunde alikuwa wa wiki tatu nilipopita kwa Materu, muuza mitumba, nikamkuta amefungua robota la nguo za watoto. Nguo za vichanga zilikuwa zimekwisha, wanawake walizigombea asubuhi. Zilizobaki ni za watoto wa miaka miwili mpaka saba. Nikashika moja, nikasema shuka kidogo. Akashuka. Nikasema tena, akashuka tena. Wanangu, Materu alishuka mpaka nikaogopa. Mwishowe akaniambia nikichukua zote, bei yake ni kama ya kuziokota. Nikapiga hesabu: mtoto huyu hatanunuliwa nguo mpaka aanze shule. Kulikuwa na koti jekundu lenye kofia ya manyoya, la mtoto wa miaka mitano, zito kama godoro. Nikalivaa mkononi, nikajiona baba kuliko baba wote wa Moshi. Nikalimaliza kopo la majani ya chai.

Nyumbani Mama alizitazama zile nguo zilizojaa kitanda kizima, akauliza mtoto wa kuzivaa yuko wapi. Nikamjibu jibu la kila mzazi anayenunua sare kubwa: atazikulia. Akauliza nyama iko wapi. Nikamwambia wiki hii tubane kidogo.

Wiki hiyo ikazaa nyingine. Badala ya nyama nilileta mapafu. Badala ya mapafu nikaleta mifupa, na mifupa ile ilichemshwa mpaka supu ikawa maji yaliyopita karibu na ng'ombe. Maziwa nikayapima kwa kikombe. Mshare nikaacha, nikatafuta ndizi yoyote iliyokuwa ya bei nafuu siku hiyo. Mama hakugomba. Alipanda mlimani kuchuma ndizi kwenye kihamba chake mwenyewe, shamba lake la migomba, na siku mbili alizokuwa huko Aikande alitoka ndani kuchota maji, kitu ambacho mzazi hafanyi. Nikimuuliza kama ameshiba, ananiambia ameshiba. Mkunde akawa analia sana. Mimi nikasema ana sauti nzuri, ataimba kwaya.

Siku ya kliniki niliwasindikiza. Kulikuwa na baridi ya asubuhi, kwa hiyo nikamfunika Mkunde kwa lile koti jekundu, nipate na kulionyesha. Nesi akalipokea, akalitazama, akaanza kupekua.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yumo humo."

"Simwoni, baba."

Wanawake wote kwenye benchi wakacheka, nami nikacheka nao. Nesi akampata Mkunde ndani ya mkono wa kushoto, akamvisha kile kichupi cha kupimia, akamtundika kwenye mzani. Mshale ukayumba, ukatulia. Nesi akauangalia kwa muda mrefu kuliko alivyouangalia kwa watoto wengine. Kisha akachukua kadi, akaweka nukta. Mimi fundi, macho yangu yamezoea vitu vidogo. Niliiona ile nukta. Ilikuwa chini ya nukta ya mwezi uliopita.

"Anapungua," nesi akasema. Hakusema kwa ukali. Akamuuliza Aikande anakula nini. Aikande akasema anakula. Nesi hakumuuliza tena, akanigeukia mimi, akanitazama na koti langu mkononi. Alisema mzazi ale, anywe, apumzike, na mtoto awekwe ziwani mara kwa mara. Akataka tumrudishe baada ya wiki mbili. Na kama nukta ingeshuka tena, tungelazimika kwenda hospitali ya mkoa.

Nyumbani nikaanza kujitetea, kwani mtu akiogopa hujitetea hata kwa asiyemshitaki. Nikamwambia Mama kwamba mtoto wa mwezi mmoja na nusu hajui nyama, hana hata jino moja, sasa mapafu na nyama vinamhusu nini? Lakini nguo anavaa, nguo ni zake.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso.

"Ndekirwa, mwanangu. Mdomo wa kulia chakula cha huyu mtoto ni wa mama yake. Umeufunga, halafu unamnunulia koti."

Nililifunga lile furushi lote kwenye baiskeli nikarudi kwa Materu. Akazipokea nguo zile kwa theluthi ya bei niliyompa, na sikubishana. Nikaenda buchani. Mwenye bucha akataja bei, akasubiri nimwambie ashuke. Nikatoa fedha. Akazishika, akazigeuza upande wa pili kuhakikisha si bandia, kisha akaniuliza kwa upole kama nimefiwa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoanza kuwa mtu mzima.

Siku ya nne au ya tano, mchana, nilikuwa nimekaa chumbani na Aikande. Mama alikuwa amekwenda na Mkunde uani. Aikande alikuwa ameshika bakuli la mtori kwa mikono miwili, anakunywa taratibu, amejaa jasho kama mtu anayelima. Mkunde akalia kule uani, kilio kidogo tu cha kuamka. Aikande hakuinuka, hata bakuli hakuliondoa mdomoni. Lakini kwenye kanga yake, kifuani, palitokea madoa mawili ya maji, yakatanuka.

Nikauliza, "Nani amewaambia?"

"Amewaambia kina nani?"

"Maziwa. Nani amewaambia kwamba mtoto ameamka?"

Alicheka mpaka mtori ukamwagika. Mama akaingia na Mkunde, akaelezwa, naye akacheka, akasema wanaume wa siku hizi wamesoma kila kitu isipokuwa mambo. Mimi sikucheka. Nilibaki nimekaa kwenye kigoda. Nilimwona mtoto akishika ziwa, nikasikia anavyomeza, gudu, gudu, kama mtu aliyetoka safari. Kidole chake kimoja kilikuwa juu ya kanga. Kilikuwa na ukucha. Mwanzoni ule ukucha ulikuwa kama ganda la kitunguu, laini. Sasa ulikuwa mgumu na umerefuka, ulihitaji kukatwa. Nikajiuliza umetoka wapi. Mtoto huyu hakuwa amepewa kitu kingine chochote. Basi ndizi za kihamba cha Mama, na mfupa wa ng'ombe nisiyemjua, vilipita kwenye bakuli lile, vikaingia kwa Aikande, vikageuka mahali ambapo hakuna mkono unaofika, vikatoka vimekuwa ukucha. Na kope. Na ule mkunjo mpya kwenye paja.

Mimi nilijua bei ya kila kitu kuanzia stendi mpaka soko la ng'ombe. Siku ile niliona kitu kinafanyika chumbani kwangu, juu ya kitanda changu, ambacho hakuna soko duniani linajua kukiuza. Nami nilikuwa nimekibania nyama, nikakipa mapafu.

Baada ya wiki mbili tulirudi kliniki. Nilishika ukingo wa meza wakati Mkunde anatundikwa. Mshale ukayumba, ukapita pale pa mara iliyopita, ukapita pa mwezi wa kwanza, ukaendelea, halafu ukasimama. Nesi akaweka nukta juu. Nikamwomba ampime tena. Akasema hapa si sokoni, bei haibadiliki. Lakini akampima tena, na mshale ukarudi palepale. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya jengo peke yangu kwa muda. Mama yenu mkubwa husema nililia. Nilikuwa naangalia mlima.

Wiki nne baadaye miezi mitatu ilitimia, Aikande akatoka. Alivaa kitenge alicholetewa na Mama, akafunga kilemba, akambeba Mkunde mbele, sio mgongoni, ili aonekane. Tulipoingia sokoni wanawake wakaacha mafungu yao ya nyanya. Walimzunguka. Walimtazama mashavu na shingo, wakamfunua mtoto, wakamshika mapaja, wakapiga vigelegele, na wazee wa kike wakamsalimu kama wanavyomsalimu mtu aliyerudi vitani na ushindi. Mmoja akanitazama mimi, akatikisa kichwa kukubali. Wanangu, sijawahi kupewa cheti, lakini kile kichwa kilichotikiswa ninacho mpaka leo.

Mnafikiri basi nilikuwa nimepona? Mtafuta bei haponi, hutulia tu.

Tulipofika kwa Materu, lile koti jekundu lilikuwa kwenye kamba. Akaniita jina langu la sokoni, akasema koti langu lingalipo, na leo, kwa heshima ya mzazi, atanipa kwa bei ya chini kuliko ile ya kwanza. Akataja. Ilikuwa bei ya ajabu kwelikweli. Mfukoni nilikuwa na fedha ya nyama na mshare ya wiki hiyo, wala si zaidi. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, mimi sikuutuma.

Nikamsogelea Aikande, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama Mkunde, mtoto amenona sasa, kila mtu ameona. Wiki moja ya mapafu haitamdhuru. Bei hii hairudi tena."

Materu alikuwa na masikio makubwa. Akalishusha koti, akalikung'uta, akalitandaza mbele ya Aikande, manyoya yote yakasimama. "Mwambie, fundi. Wiki ijayo hulikuti. Shemeji, nguo haimngoji mtu."

Wale wanawake walikuwa bado wametuzunguka, wote wakasogea wasikie. Aikande alimtazama Materu, akalitazama koti, akamwinua Mkunde begani vizuri. Miezi mitatu alikuwa hajajibizana na mtu nje ya nyumba yake, na alilolisema halijapata wa kulijibu hadi leo.

"Wiki sita zimepita tangu Baba Mkunde alirudishe, Materu, na bado liko hapo kwenye kamba linamngoja mwenyewe. Nguo hungoja. Maziwa hayangoji."