Kiti Kirefu cha Wafalme Watatu

Chekeni tu! Nimezunguka nchi za watu, nimekula na masultani, leo nimekalia sinia la maandazi la Bi Siwatu. Haya, nipeni kiti, niwape ngano. Mmenipa?

Wafalme watatu waliunganisha nchi zao, wakachonga kiti kirefu cha uchawi, wakaapa: "Mtu wetu yeyote atapewa kiti kabla ya kuulizwa lolote." Kisha wakakikalia wenyewe, na mpakani wakaweka zimwi, limle kila atakayekataliwa na wote watatu.

Siku moja zimwi likamleta mama mmoja mfinyanzi, Mkasi, limemkamata shingo. "Huyu wa nani? Nina njaa."

Mkasi akamwambia mfalme wa kwanza, "Baba, nipe kiti."

"Nenda kwa jirani." Kiti kikashuka shubiri.

Akamwambia wa pili, "Baba, nipe kiti."

"Nenda kwa jirani." Kiti kikashuka tena.

Wa tatu naye, "Nenda kwa jirani."

"Jirani yupi tena, baba?"

Hapo kiti kikawabwaga wote, mataji yakabingirika uani. Kiti kikasema, "Simbebi anayemnyima mwenzake kiti!"

Wafalme wakajikung'uta vumbi. "Mama, karibu kiti."

Mkasi akakaa. Kiti kikainuka, kikarefuka, wafalme nao wakapata pa kukaa.

Zimwi likabaki limesimama, machozi yakilidondoka. "Tangu nizaliwe sijakaribishwa kiti. Na mimi je?"

Mkasi akasogea kidogo, akalitazama makucha.

"Kanawe mikono kwanza."