Kiti cha Kumpandisha Nakijwa

Hapo zamani, nyinyi hamjazaliwa na mimi sijajifunza kusema uongo, kulikuwa na bonde ambalo watu wake walichemsha chumvi. Kutwa moto, kutwa moshi, na jua juu yake. Wewe unayejipepea hapo, acha kudeka, joto hujaliona.

Bondeni humo aliishi mama mmoja, jina lake Nakijwa. Hakuzaliwa pale. Alizaliwa Nchi ya Milima, ile iliyoonekana kwa mbali asubuhi kabla vumbi halijaamka. Aliteremshwa akiwa bibi harusi wa miaka kumi na sita, akilia njia nzima, na tangu siku hiyo hakurudi. Mume akafa. Magoti yakakataa. Kila asubuhi alitoa kigoda chake nje, akakaa akiitazama milima mpaka vumbi likaifunika, kisha akaingia ndani kuwasha moto kama watu wengine. Alikuwa anakuona kwao kila siku, na kila siku hafiki.

Mwaka wa hamsini akafungua mdomo. Aliwaita watu watatu: mwanawe wa pekee, Kiangi, fundi wa mbao; mke mwenzake, Mkunde, aliyebaki akikaa naye nyumba moja baada ya mume kufa; na Mshiu, mchuuzi aliyepeleka chumvi milimani kila kiangazi.

"Nataka kwenda kwetu," akasema. "Ninywe maji ya kisima cha mama yangu. Lakini nisikilizeni vizuri. Sitaki kwenda kwa mateso. Niliteremka nikilia, nataka nipande nimekaa raha mustarehe."

Basi wakaanza kupanga. Mnawajua watu na kupanga safari: safari yenyewe siku nne, kuipanga miezi minne.

Kiangi akasema, "Mimi kiti." Akachonga kiti cha kubebwa mgongoni, chenye egemeo, chenye pa kuwekea miguu, chenye kivuli cha makuti. Mama akakikalia, akasema kinambana nyonga. Akachonga cha pili, kikayumba. Cha tatu, mama alikaa akasinzia, na Kiangi akajua hicho ndicho.

Mshiu akasema, "Mimi ruhusa." Maana Nchi ya Milima ilikuwa na lango, na langoni pana mlinzi, na mgeni haingii hivi hivi. Mshiu mwenyewe, miaka ishirini, alikuwa akiishia hapo. Anatua mzigo wa chumvi, anapewa ndizi zake, anageuka. Ya ndani aliyasikia tu, ng'ombe wakilia na watu wakicheka. Akapanda, akaambiwa alete jina la ukoo wa huyo mama. Akashuka, akapanda na jina. Akaambiwa alete jina la kisima. Akashuka tena.

Hapo pakawa na kazi. Nakijwa alikuwa amelisahau jina la kisima.

"Nalijua," akasema. "Ngojeni kidogo, nalijua." Wakangoja. Machozi yakamtoka, jina halikutoka.

Mkunde akasema pole pole, "Kinaitwa Lulunge, dada. Uliniambia mwaka ule tulipokuwa tunamuuguza marehemu."

Kwa sababu Mkunde, miaka thelathini ya kukoroga chumvi pamoja, alikuwa akimsikiliza Nakijwa. Aliijua njia ya kwao, aliwajua majirani, alijua mgomba wa mlangoni ulizaa ndizi za namna gani. Na kumbukumbu za Nakijwa zilipoanza kupungua, wakabadilishana. Sasa Mkunde ndiye aliyesimulia, na Nakijwa ndiye aliyeuliza, "Halafu nikafanyaje?"

Ruhusa ikapatikana, kiangazi kikiwa kinaisha. Wakafunga mizigo. Nanyi sikieni watu wa joto wanavyofunga mizigo ya raha: pepeo mbili za ukindu, ya pili kama ya kwanza itachakaa. Vibuyu sita vya maji. Mkeka mwembamba, upepo upite. Blanketi hakuna. Bondeni pale mtu akijifunika, jirani anakwenda kumwita mganga. Nakijwa alikuwa ameisahau baridi pamoja na mengine, na Mshiu alizoea kupanda kiangazi, mzigo kichwani, jasho linamtiririka. Kwa hiyo hakuna aliyesema kitu.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Kiangi amebeba, Mkunde anapepea, Mshiu yuko mbele na mzigo wake wa chumvi. Nakijwa juu ya kiti anawapungia watu mkono. Siku ya pili vilevile, mpaka Kiangi akamtania, "Mama, ukifika usije ukadai nikubebe kwenda kisimani." Mama akasema atadai.

Siku ya tatu, alasiri, ukungu ukashuka. Mvua nyembamba ikaja nao. Nakijwa akaanza kutetemeka, midomo ikawa rangi ya majivu, kisha akanyamaza. Kuni zote za mlimani zilikuwa zimelowa. Wakamtua chini, wakatazamana, na kila mmoja akaiona ile pepeo mkononi mwa Mkunde.

Kiangi akakitazama kiti chake. Akachukua shoka, akakipasua chote, egemeo na pa kuwekea miguu, mbao zilizokauka vizuri. Moto ukawaka.

Mshiu akajitwisha chumvi yake, chumvi ya mwaka mzima, akakimbilia kibanda cha mchunga kondoo. Akarudi bila chumvi, amebeba ngozi tatu za kondoo.

Mkunde akavua nguo yake ya juu, akamvika mwenzake, akamkumbatia kifuani na kuanza kumsimulia. "Mlangoni kwenu pana mgomba, dada, upande wa kulia ukitoka." Kimya. "Upande wa kulia, ukitoka." Kimya. "Na mama yako anafagia chini yake, upande wa kulia."

"Kushoto," Nakijwa akasema.

Mkunde akalia hapo hapo, bila kuona haya.

Asubuhi Kiangi akambeba mama mgongoni hivi hivi, bila kiti, wakafika langoni. Mlinzi alikuwa bibi mmoja mkavu. Akamshika Nakijwa shavu.

"Karibu, binti wa kwetu. Sheria unaijua. Binti akirudi hateremki tena. Huingia na mtu mmoja wa kukaa naye, na huyo naye hateremki. Wengine huishia hapa."

Kiangi akamgeukia Mshiu. "Kaka, hili ulilijua?"

"Nililijua," Mshiu akasema. "Ningelisema, msingetoka bondeni."

Kisha Kiangi akasema, "Huyu ni mama yangu, sina mwingine. Miezi minne nimechonga, kumbe nachonga cha kunitenga na mama. Nikakipasua kwa mkono wangu, nikampandisha kwa mgongo wangu. Mimi ndiye niingie."

Mshiu akasema, "Mimi nimewaficha, nihukumuni. Lakini bila mimi lango lisingefunguka, na bila ngozi zile tungemzika njiani. Miaka ishirini nasikia watu wakicheka humo ndani. Sina mke, sina mtoto, bondeni hakuna wa kunililia. Nyinyi mna kwenu. Mimi ndiye niingie."

Ikabaki zamu ya Mkunde. "Mimi si damu yake," akasema, "wala lango sikulifungua. Nauliza tu. Akiamka kesho hajui yuko wapi, nani atamwambia kwamba amefika? Na mimi nikishuka, nitamsimulia nani?"

Mlinzi akasema, "Chagua, binti. Ukungu ukipanda nafunga."

Nakijwa akawatazama, mmoja, wa pili, wa tatu. Ndani kule maji yalisikika yakianguka kwenye jiwe, na uso wake ulikuwa umeelekea huko. Akasema, "Siku ile naolewa nilimwacha mama yangu amesimama papa hapa. Sura yake imenipotea, lakini kusimama kwake nakukumbuka. Siwezi kumtaja mtu wa kuachwa. Niamulieni nyinyi. Mkishindwa, nirudisheni bondeni nikafie huko."

Sasa msinitazame mimi. Nilipoisimulia mara ya mwisho, ndugu wawili waliondoka hawasemezani. Ukungu unapanda, mlinzi ameshika komeo. Je, nani alistahili kuingia naye? Na wewe uliyekwisha kumtaja mtu wako moyoni, ungeweza kuwatazama usoni wale wawili ukawaambia washuke?