Karatasi za Bibi Mahruhi

Mtu mmoja wa Kerman, katika nchi ya Uajemi, alikuwa na mama anayejua kuandika. Zamani hizo binti akifundishwa sana, alifundishwa kusoma. Kalamu hakupewa, maana waliogopa ataandika nini na atamwandikia nani. Lakini Bibi Mahruhi aliipata kalamu, sijui kwa njia gani, na mwanawe Mirza Taki hakumkataza. Alimheshimu mno mama yake. Lishikeni hilo, kwa sababu sisimulii habari za mtu mbaya.

Nyumba ile ilikuwa na kitabu cha ukoo, na Mirza Taki ndiye aliyekiandika. Humo walikuwamo babu saba na vita walivyopigana, hata farasi wa babu mmoja katajwa kwa jina lake. Mama zao hawamo. Jina la mwanamke halikuwa kitu cha kuwekwa mbele ya macho ya watu. Bibi naye aliandika ya kwake katika karatasi zake, mambo ya jikoni na ya uzazi. Ulipoingia mwaka wa kipindupindu, kina mama wengi walikufa, mke wa Mirza Taki akiwa mmoja wao, na vichanga vikawa vinapelekwa nyumba hadi nyumba kutafutiwa ziwa. Bibi akaandika kila siku: huyu kanyonya kwa fulani, mara kadhaa. Nanyi mnajua kwa nini. Walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani.

Golnesa, binti wa Mirza Taki, alikuwa na miaka minne Bibi alipofariki. Na kwao mwandiko wa mwanamke ulikuwa sawa na uso wake, haufai kuonwa na mwanamume wa nje. Basi Mirza Taki akazikusanya karatasi za mama yake, akaziosha kwa mkono wake mwenyewe katika hodhi la uani mpaka wino ukaisha. Hakusoma hata mstari mmoja. Hata kusoma aliona ni kumkosea adabu. Watu wakasema, huyo ndiye mwana! Na mimi ningekuwapo ningemsifu, msinicheke.

Golnesa akakua, akaposwa na Bahramu, kijana wa ukoo wao, na wakapendana kwelikweli. Siku ya hina akaja kizee mmoja aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumba ile. Huku akimpaka bibi harusi miguu, akamsimulia kwa furaha kwamba mwaka ule wa maradhi, yeye Golnesa na binti wa ami yake walilelewa pamoja kwa mama yake Bahramu. Mmoja alinyonyeshwa siku nyingi, mwingine akapewa maziwa ya mbuzi. Yupi? Loo, hapo kizee alikuwa amesahau. Mama yake Bahramu alikwisha kufa zamani. Ila Bibi aliandika, akasema, waangalie tu katika karatasi zake.

Golnesa akainuka na hina yake mbichi, akamwendea baba yake.

“Baba, mimi ni dada yake au si dada yake?”

Mirza Taki akafungua kitabu cha ukoo. Akakipekua ukurasa kwa ukurasa, mtu mzima, na hali yeye mwenyewe ndiye aliyekiandika. Kadhi alipoendewa akasema aulizwe anayejua. Bahramu hakuthubutu kumwoa mtu ambaye huenda ni dada yake, na nani atamlaumu? Akauhama mji. Golnesa alilia siku nyingi, kisha akaacha, wala hakukubali kuposwa na mwingine.

Baba yake aliendelea kumwombea mama yake rehema kila Ijumaa, na watu hawakuacha kumtolea mfano kwa watoto wao. Sasa nijibuni, kama mnaweza: aliyemtunzia mama yake heshima namna hii, binti yake alimtunzia nini?