Mwendo wa Ngao

Mwendo wa ngao ni wa aliye nyuma.

Mmeisikia asubuhi hii, wanangu, mlipokuwa mkipandisha kabati la bibi harusi kilimani. Ninyi wa mbele mlikimbia kwa vifijo, wenzenu wa nyuma wakaelemewa na uzito wote, hadi shangazi yenu akapaza sauti na kuwatupia methali hiyo. Mkacheka. Mkaniuliza tangu lini ngao ikawa na mwendo, kwani ina miguu? Basi wekeni vikombe chini. Ngao hiyo haikuwa na miguu, ilikuwa na magurudumu, na methali hii ilianza hivi.

Zamani kidogo, kabla barabara yetu haijatiwa lami, kituo cha polisi cha hapa mjini kililetewa ngao ya kusukuma. Haikuwa ngao ya kushika mkononi. Lilikuwa bamba la chuma kisichopenywa na risasi, refu kuliko mtu mrefu, limesimama juu ya magurudumu, na kwenye usawa wa macho lina kidirisha cha kioo kinene. Askari mmoja husukuma, wenzake humfuata kwa mstari, kila mmoja na mkono wake begani kwa aliye mbele yake. Siku ilipoteremshwa kwenye lori, muuza mihogo mmoja aliuliza kama mkuu wa kituo anahamia nyumba mpya. Tangu hapo watu wakaiita Kabati.

Aliyepewa kazi ya kuisukuma ni Konstebo Semkiwa, kijana wa mabega mapana na moyo mwepesi. Alipokuwa mtoto, majambazi walivamia duka la mama yake, na polisi walifika majirani wakiwa wameshamfuta mama machozi. Siku ile ile Semkiwa aliamua kwamba akikua atakuwa askari, na kwamba yeye hatachelewa. Ndiyo maana Kabati mikononi mwake lilikuwa likiruka mashimo kama baiskeli.

Lakini kazi ile ilikuwa na utaratibu wake. Ruhusa ya kwenda haikutoka mbele, ilitoka mwisho. Aliye nyuma kabisa, akishajiona amejikinga vizuri, hulipiga bega la mwenzake kofi jepesi. Huyo naye humpiga wa mbele yake, mpaka kofi limfikie msukumaji. Hapo ndipo magurudumu huzunguka. Na aliyekuwa nyuma kabisa ni Koplo Mbaruku, mtu mzima, mbeba mkoba wa huduma ya kwanza, ambaye goti lake moja liliumia miaka mingi nyuma na halikupona sawasawa.

Katika mazoezi Semkiwa hakungoja kofi. Aliondoka tu, na Koplo akaja nyuma akichechemea.

"Koplo," Semkiwa alimtania, "hilo goti lako linakwenda likizo lini?"

"Siku utakayojifunza kungoja, mwanangu, nalo litapumzika."

Sajini Nakijwa, mwanamke aliyeongoza kikosi, hakucheka. "Semkiwa, hiyo ngao ni ya nani?"

"Ya kikosi, afande."

"Mbona unakwenda nayo kama uliyoachiwa urithi na babu yako?"

Semkiwa akainamisha kichwa, na kesho yake akakimbia tena. Aliona kwamba kufika mapema ndiyo huruma yenyewe.

Ikatokea kwamba vijana fulani walivunja ghala la iliki asubuhi na mapema. Mlinzi akapiga filimbi, wawili wakatoroka, mmoja akabaki ndani na bunduki waliyomnyang'anya mlinzi. Humo ndani alikuwamo Bi Mwantumu, mchambuaji wa iliki, aliyekuwa amewahi kazini. Kikosi kilipofika, getini palikuwa pamejaa watu wenye marungu na mawe, wakimtaka mwizi wao.

Kati ya geti na mlango wa ghala kulikuwa na uwanja wa saruji wa kuanikia iliki, mweupe, mtupu, hauna hata kichaka. Semkiwa alishika mpini wa Kabati. Wenzake wakajipanga. Ndipo Bi Mwantumu alipopiga ukelele ndani ya ghala, na masikioni mwa Semkiwa ikawa kama sauti ya mama yake siku ile dukani.

Hakungoja kofi. Alisukuma.

Magurudumu yalilia juu ya saruji. Kupitia kidirisha, aliona mlango ukikaribia. Hakuona kwamba huko nyuma iliki zilizotawanyika ziliteleza chini ya kiatu cha Koplo Mbaruku, akaanguka katikati ya uwanja, mkoba huku na yeye kule.

Bunduki ikalia. Saruji ikarusha vumbi karibu na kichwa cha Koplo.

"Mbaruku yuko nje ya ngao!" Sajini Nakijwa alipiga kelele. "Yuko nje!"

Semkiwa akageuka. Mlango ulikuwa pale, karibu kuugusa. Nyuma, mzee wa watu alikuwa amelala kifudifudi, mikono kichwani, na kati yake na ule mtutu hapakuwa na kitu. Hapo Semkiwa akatambua: ngao iliyo mbali na mtu ni bati tu.

Akaanza kuivuta kurudi. Kuvuta ni kugumu kuliko kusukuma, na chuma kile kilikuwa kizito kama ng'ombe aliyegoma. Wenzake wakasaidia, hatua kwa hatua, mpaka kivuli cha Kabati kikamfunika Koplo.

"Nilikuacha, Koplo."

"Uliniacha, na umenirudia. Nipe mkono."

Akainuka, akashika mahali pake mwisho wa mstari. Semkiwa akangoja. Kofi likaja, jepesi, bega kwa bega. Wakaenda, safari hii kwa mwendo wa lile goti.

Sauti ya kijana ikaita kutoka ghalani, "Nyie! Huyo mzee amekufa?"

"Hajafa," Koplo akajibu mwenyewe. "Amechafuka suruali tu."

"Mlangoni mlishafika. Mmerudi kwa ajili yake?"

"Tungemwacha, mkewe tungemwambia nini?" Semkiwa alisema.

Sauti iliporudi ilikuwa ya mtoto anayetaka kulia. "Mimi nikitoka, wale wa getini wataniua."

Sajini Nakijwa akasema, "Sukuma bunduki nje, mtoe mama. Kisha na wewe utapita nyuma ya ngao, kama sisi."

"Mnanidanganya."

Ndipo Bi Mwantumu aliposikika humo ndani: "Umewaona kwa macho yako wakirudi, bado wabishana? Haya, toka, mwanangu. Nami natoka nawe."

Bunduki ikateleza sakafuni hadi nje. Wakatoka pamoja. Kijana alikuwa amejikata unyayo kwa kioo cha dirisha alilovunja, na hakuweza kuukanyagia. Koplo Mbaruku, ambaye muda mfupi nyuma alikuwa shabaha yake, alipiga goti lake bovu, akamfunga bandeji. Sajini akamtia pingu. Kabati likageuzwa uso kuelekea getini, na kijana akawekwa mwisho, Koplo akimshika mkanda.

"Wewe ndiye wa nyuma," Koplo alimwambia. "Ukiwa tayari, piga bega lililo mbele yako."

Mawe yalianza kugonga chuma, ko! ko! ko! Gari la polisi lilikuwa nje ya geti. Miguu ya Semkiwa ilimwasha kukimbia. Akaikaza. Kofi la mikono yenye pingu lilisafiri bega hadi bega, likamfikia, na ndipo alipoondoa Kabati, polepole kama mtu anayebeba uji wa moto.

Bi Mwantumu alichomoza pembeni. "Nirushieni na mimi basi! Aliyefungiwa humo ni mimi, na mimi nataka aende mahakamani!"

Mawe yakapungua. Yule muuza mihogo, jiwe bado mkononi, akaita, "Semkiwa! Mbona leo Kabati linakwenda kama jongoo? Magurudumu yameoza?"

Semkiwa hakugeuza kichwa. "Mwendo wa ngao ni wa aliye nyuma," alisema.

Muuza mihogo akachungulia aliye nyuma. Akaona mvulana anachechemea, na koplo anachechemea naye. Jiwe likashuka. Watu wakapisha njia, na kabla jua halijafika utosini wapagazi wa sokoni walikuwa wakiambiana maneno yale.

Semkiwa aliisukuma ngao ile miaka mingi baadaye, na hakuondoka tena bila kofi. Na yule kijana alifungwa, akajifunza useremala gerezani, akarudi. Mnamjua. Unyayo wake mmoja bado haukanyagi sawasawa. Kabati mlilokuwa mkikimbia nalo leo amelitengeneza yeye, Fundi Hoza, na jioni hii yumo katika waalikwa.

Haya, kabati bado liko nusu ya kilima. Rudini mkalimalizie. Aliye nyuma apige bega kwanza, nanyi wa mbele mngoje.

Mwendo wa ngao ni wa aliye nyuma.