Oili ya Mjomba Shempemba

Oili iliyochoka haiponi kwa dawa. Mmemsikia baba yenu akimwambia hivyo jirani anayepaka rangi ukuta ulioliwa na mchwa, nanyi mmenijia mbio, wajukuu zangu, mkiuliza ukuta na oili vimekutana wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Kule Mlola, milimani, alikuwako Mzee Shempemba, mwenye pikapu nyeupe ya kubebea kabichi. Mpwa wake, Mwanaidi, alikuwa anaolewa Soni, na katika ukoo wao bibi harusi hupelekwa na mjomba wake. Mjomba akishindwa, hupelekwa na ami, naye mjomba husimangwa kwa hilo mpaka anaingia kaburini. Shempemba aliapa kumpeleka kwa gari lake mwenyewe.

Sasa, gari hilo lilikuwa na shida moja, nayo ni mwenyewe. Alilipenda mno. Aliwahi kuambiwa kuwa oili ndiyo damu ya gari, na tangu siku hiyo hakukubali imwagwe. Ikipungua, aliongeza. Gari likitoa moshi, alikwenda dukani akanunua chupa ya dawa ya injini, akaimimina juu ya oili ileile. Moshi ulipungua wiki mbili, ukarudi. Naye akarudi dukani.

"Shemeji," alimtania Mwantumu, mdogo wa mkewe, "gari lako linakunywa dawa kuliko bibi yangu, na bibi yangu hainuki kitandani."

"Ndiyo maana gari linatembea," akajibu.

Siku mbili kabla ya harusi, akipandisha mlima na magunia manne tu, injini ikaanza kugonga na taa nyekundu ya oili ikawaka. Akilini alimwona Mwanaidi na shela lake akiingia gari la ami. Akazima injini, akaomba kuvutwa hadi kwa Fundi Hoza, chupa mpya ya dawa mkononi.

"Nitilie hii, fundi. Hii ni kali kuliko zote."

Hoza hakuipokea. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kidole. Oili ilikuwa nyeusi, nzito kama uji uliolala.

"Mzee, mara ya mwisho uliimwaga lini?"

"Simwagi. Naongeza."

"Tangu lini?"

"Tangu Mwanaidi alipoingia sekondari."

Hoza akakaa juu ya tairi. "Mama watoto akikupa mchuzi uliochacha, akaukamulia ndimu, utakula?"

"Nitanusa kwanza."

"Na akikamua ndimu ya pili?"

Shempemba akaishusha chupa aliyokuwa amemnyooshea.

"Hii dawa inaifanya oili iwe nzito tu, kelele zikajificha," alisema Hoza. "Uchafu uko palepale. Nitaimwaga yote, nibadili filta, nitie mpya, kisha niimwage na hiyo, nitie nyingine. Lakini sikudanganyi, mzee. Huenda ikavuja pale uchafu ulipokuwa umeziba. Ikivuja sana, utampigia simu ami yake Mwanaidi."

Shempemba aliitazama chupa, kisha akaiweka chini. "Mwaga," akasema, akageuza uso kama mtu anayechinjiwa mbuzi aliyemlea.

Ilitoka polepole, mabonge kwa mabonge. Kesho yake jioni injini ikawashwa. Ilivuja, lakini tone moja moja.

"Itafika," alisema Hoza.

Siku ya harusi Mwanaidi alikaa mbele, na Mwantumu na wanawake wenzake nyuma, wakipiga vigelegele. Walipofika kwenye mlima mkali vikakatika, kila mtu akaisikiliza injini. Ikapanda bila kukohoa. Mwantumu ndiye aliyeanza tena vigelegele kileleni.

Huko Soni, baba wa bwana harusi, ambaye gari lake nalo lilikuwa linafuka moshi, alimvuta mjomba hata kabla ya chai.

"Tulisikia gari limekufia njiani. Umelitia dawa gani, nami nikanunue?"

Shempemba angeweza kujisifu. Lakini Mwantumu alikuwa amesimama palepale, anamngojea ajisifu apate kumtania.

"Dawa nimelinywesha miaka mitano," akasema, wakwe wote wakisikia. "Oili iliyochoka haiponi kwa dawa. Nenda kaimwage."

Watu wakacheka, na waliocheka wakaondoka nalo neno hilo. Mwenye kuweka kiraka juu ya paa lililooza akaambiwa. Mwenye kujipulizia marashi bila kuoga akaambiwa. Nasi tunaambiana mpaka leo: oili iliyochoka haiponi kwa dawa.