Siku ya Kamba

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kijiji, kijiji kikawa na mfereji, mfereji ukawa na wenyewe. Wenyewe ni akina nani? Hapo ndipo mimi huchanganyikiwa, na hadithi hii nimeisimulia tangu meno yangu yakiwa yote. Haya, kaeni vizuri. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, unanizibia mwanga.

Hapo zamani za kale, kwenye kijiji cha mlimani, aliishi mzee akiitwa Mbaga. Kazi yake ilikuwa kutaja majina. Kila mwaka kabla ya kulima, kijiji kizima kilisafisha mfereji, na siku hiyo iliitwa Siku ya Kamba. Watu walijifunga kamba moja viunoni, ishirini ishirini, wakaingia majini na majembe. Kwa, kwa, kwa! Tope likaruka. Ukingoni alisimama mtu wa mojawapo ya koo kubwa, ameshika ncha ya kamba. Ndipo Mzee Mbaga akataja majina ya wazee waliouleta mfereji na ya mababu zao, jina baada ya jina, vizazi saba, bila kukwama.

Watoto waliuliza, kamba ya nini? Wakubwa wakajibu, "Wazee wetu walipendana. Walijifunga pamoja ili maji yasimchukue hata mmoja." Ikawa hivyo. Na maji yenyewe, jamani, yalifika magotini.

Mwaka mmoja mvua ikakataa. Kule chini penye mawe, kwa watu walioitwa watu wa kuja, aliishi mjane akiitwa Sikujua. Alikuwa na watoto wanne na kishamba kimoja cha mpunga. Mpunga ulikuwa umechanua, majani yakaanza kujikunja. Siku saba bila maji na watoto wangelala njaa mwaka mzima. Sikujua akapanda mlima mpaka kwenye baraza la wazee.

"Shikamooni, baba zangu. Naomba zamu moja tu ya maji."

Akajibu Kalaghe, msemaji wa baraza, mtu wa sauti nzito na mashamba mawili. "Marahaba. Zamu ni ya koo zilizochimba mfereji, mama. Babu yako alichimba?"

"Sijui, baba."

"Babu yangu mimi alikuwa wa kwanza kwenye kamba. Wako alikuja lini hapa?"

"Hata hilo sijui. Kwetu hakuna aliyeambiwa."

"Basi ndiyo hivyo, mama. Pole."

Sikujua hakuondoka. Angeondoka aende wapi? Akasimama pale pale, vumbi la njia miguuni. Mzee Mbaga akamtazama, akatazama chini, akamtazama tena. Kisha akasema, "Kalaghe, babu yako hakuwa kwenye kamba."

Watu wakageuka.

"Nani humfunga mtu kiuno kwa maji ya magotini?" akauliza Mzee Mbaga. "Kamba ile haikuzuia maji. Ilizuia watu wasikimbie. Babu yangu aliniambia siku anakata roho, akaniomba nisiseme, nami nikanyamaza mpaka nikazeeka. Yeye ndiye aliyeshika ncha. Yeye na babu yako, kwa kupokezana. Waliofungwa walikuwa watumwa, walinunuliwa kwenye misafara. Walichimba miaka mitatu. Waliobaki hai wakaachiwa yale mawe kule chini. Huyu mama ni mjukuu wao."

Shwaaa, maji yakaendelea na safari yake.

Sasa hapo, wajukuu zangu, kijiji kikavurugika. Mmoja akauliza kama mzee anaumwa. Mwingine akasema apewe maji upesi, mwingine akasema hayo ni ya zamani hayatuhusu. Bibi mmoja akasema, "Mama yangu mimi aliolewa akitokea kule chini. Basi mimi ni wa ncha au wa kiunoni?" Akamtazama huyu, akamtazama yule.

Kalaghe sauti ikampungua. "Lakini tumejifunga kamba hiyo miaka yote. Tumeichezea ngoma."

"Tumeichezea. Na mimi ndiye niliyewatajia majina."

"Kama zamu ni ya waliochimba, basi sisi hatuna maji."

"Hatuna."

"Na soko? Na kiti cha jumbe? Si vyote vimesimama kwa maji haya?"

"Usiniulize mimi, Kalaghe. Sijui hata pa kuanzia. Ninalojua, mpunga wa huyu mama una siku saba."

Mzee Mbaga akachukua jembe, akaenda kuziba mlango wa maji wa shamba lake mwenyewe, akaufungua wa kule chini. Chubwi! Maji yakateremka. Migomba yake ilikauka mwaka ule, na mkewe alimnunia mwezi mzima. Mimi simlaumu mkewe, maana migomba ile alikuwa ameipanda yeye.

Sikujua alimfuata pale mfereji unapogawanyika. Akasema, "Ahsante, baba. Nina jambo jingine. Hao waliofungwa waliitwa nani? Nipe hata jina moja nikawaambie wanangu."

Mzee Mbaga, yule wa vizazi saba bila kukwama, akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Nilifundishwa majina ya walioshika kamba tu, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya watu.

Sikujua akangoja kidogo, labda angekumbuka. Kisha akashuka mbio, maana maji yalikuwa yamemtangulia.

Funzo lenyewe ni hili: unapokula cha nchi yako, uliza ni mikono ya nani iliyochimba, na uliza mapema, wangali hai wanaojua. Maji yanaweza kurudishwa. Majina yale, mpaka leo, hatunayo.

Hadithi yangu imekomea hapo, na mimi nimekomea nayo.